Unga Mlangoni

Alhamisi. Vumbi la Bariadi leo limeamua kuhamia ndani kwangu. Nimefagia, nimefagia tena, bado meno yanasaga mchanga. Na moyo nao haujatulia.

Nilikuwa na hakika kwamba mama mkwe wangu anatambika nyumbani kwangu.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alikuja kutoka Kimali kunisaidia na mtoto. Baba Yoeli yuko Kasoli na pamba, atarudi Jumapili. Tumebaki mimi, Mayu na mwanangu Yoeli, ambaye hata kukaa bado. Mayu ana rozari shingoni. Lakini kwao, pembeni ya zizi, kuna kijumba cha nyasi cha masamva, mizimu ya ukoo. Nilikiona kwa macho yangu siku nilipopelekwa kutambulishwa. Tangu hapo nikimwamkia shikamoo, naiangalia mikono yake.

Wiki hii kila asubuhi nakuta matone meupe kizingitini. Nikagusa, nikanusa. Unga wa mtama uliokorogwa na maji. Hata sisi tuliookoka tunajua hiyo ni ya nini: ni ya kuwaita wazee waliokufa waje wailinde nyumba.

Nilikasirika sana. Mungu amesema tusiwe na miungu mingine, sasa huyu anaileta mpaka mlangoni kwangu? Yoeli akipiga chafya, nilijua ni unga ule. Akikataa ziwa, nilijua.

Jana nikamweleza kiongozi wetu wa maombi. Akasema Jumamosi watakuja kundi zima kuvunja madhabahu, na bibi lazima aikane mizimu mbele ya watu. Nilijua kabisa kwamba Mayu akiaibishwa hivyo ataondoka asirudi, na mume wangu hatanisamehe.

Nikaitikia amina.

Leo asubuhi nikamvizia. Nikajifanya naosha vyombo uani. Akatoka na kikombe, akachovya vidole, akanyunyiza. Nikaenda nikamshika mkono.

"Mayu, unawaita akina nani humu ndani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Na wewe, ng'wana wane, mwanangu, kila jioni unamwaga chumvi hapa, unapaka mlango mafuta. Unamloga nani? Mimi namkinga mjukuu wangu."

Ile ni chumvi ya upako! Na mafuta ni ya upako, tuligawiwa kwenye mkutano wa maombi. Nayatumia tangu siku aliposhuka na kapu lake, kwa ajili yake. Kumbe naye ananyunyiza unga kwa ajili yangu. Kizingiti kimoja, kila mtu anamkinga Yoeli dhidi ya mwenzake.

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Acha yako, na mimi niache yangu," alisema. "Tumwombe Mungu tu, basi."

Haki ya nani, mwenye kijumba cha nyasi ndiye aliyenihubiria! Nikaona aibu. Tukaosha kizingiti pamoja, yeye akimwaga maji, mimi nikisugua. Baadaye nikampigia kiongozi nikamwambia Jumamosi wasije. Akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nimepewa nikala.

Nikamwambia hapana. Lakini mchana niliutazama ugali wa Mayu kwa muda kabla sijamega tonge.

Ndivyo nilivyo. Shaka ikishaingia kwangu haitoki kwa maji na brashi. Jioni hii, Mayu akiwa nje na mtoto, nimeingia chumbani nikanyanyua kigodoro cha Yoeli nione kama kuna kitu amekificha chini. Pembe, shanga, mzizi, chochote.

Hakuna. Kilichokuwepo ni kichupa changu cha mafuta ya upako, nilichokiweka mwenyewe.

Nimekishika muda mrefu. Tulikubaliana kila mtu aache yake, na yeye ameacha. Nimekirudisha palepale, nikatandika shuka juu, kwa sababu naogopa mwanangu kulala bila hicho.

Sasa mwenye mizimu humu ndani ni nani?