Joto la Kufungulia

Jumanne, 3 Oktoba

Nimefungua tanuri mapema. Basi, nimeandika. Hapa tu, kwenye simu yangu, na hapa pana kufuli.

Baba Moto alivipanga vipande vya kauri ndani jana, akaliwasha. Ndiye fundi wetu wa tanuri, miaka ishirini na tisa na mashine ileile. Leo alikuwa na miadi kliniki ya presha. Aliniachia agizo moja: usifungue mpaka joto lishuke chini ya digrii mia. Kauri haitaki haraka; ikipoa ghafla hupata ufa. Hata mimi huwaambia wanafunzi hivyohivyo, tena na kidole juu!

Saa tisa alasiri kipima joto kilisoma 460. Profesa, mkuu wa mradi, akapiga simu — kesho saa mbili kuna wageni, itapendeza wakikuta vipande mezani. Itapendeza. Hakusema lazima. Ningedamka tu kesho nikavikuta vimepoa. Lakini nilishajiona nimesimama mbele ya watu na trei yangu, nikieleza jinsi unga wa mifupa ya ng'ombe unavyochomwa mpaka ukawa kauri ambayo mwili unaikubali, mfupa ukaota ndani yake. Nikafungua mlango. Kidogo. Halafu wote.

Nikasikia tik. Halafu tik nyingine.

Kwa macho havina kasoro. Vyeupe, pembe zote zipo. Kwenye daftari la tanuri, safu ya joto la kufungulia, nimeandika 85. Safu ya jina nimeiacha wazi. Mkono wangu una haya kuliko mwenyewe.

Jumatano, 4 Oktoba

Wageni wamefurahi. Profesa ameniita nguzo ya mradi. Nguzo!

Sikuvigonga. Kila kipande kikitoka tanurini tunakigonga na kijiko kidogo: kizima kinalia vizuri, chenye ufa wa ndani sauti yake butu, hata kama macho hayaoni kitu. Kazi ya dakika kumi. Nilijiambia wageni wako mlangoni. Uongo. Niliogopa jibu. Wageni walipoondoka tu vikafungwa kwenye mifuko ya kuua vijidudu, ishirini kwa tisa — ishirini vya daktari wa mifugo atakayevijaribu kwa kondoo, tisa vya akiba.

Baba Moto amerudi, presha imeshuka, ana furaha ya mtu aliyeruhusiwa chumvi. Kafungua daftari, kaona jina halipo. Huyu mzee anaweza kukosa chai, si kuvumilia safu tupu kwenye daftari lake. Akachomoa kalamu, akaandika jina lake mwenyewe. "Tanuri ni langu, mwanangu. Wewe ulinisaidia tu kufungua."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikasema ahsante. Ahsante!

Ijumaa, 13 Oktoba

Vipande vimewekwa. Kondoo sita, mguu wa nyuma, kwenye tundu alilotoboa daktari mfupani. Daktari huyu anaongea na kondoo kama shangazi yao: haya mama, lala, dakika moja tu. Akasema wakitembea vizuri wiki nane, Profesa ataomba kibali cha kujaribu kwa watu. Kuna orodha tayari, watu waliopoteza kipande cha taya kwa uvimbe.



Alhamisi, 9 Novemba

Kondoo namba mbili amevunjika mguu. Hakuruka, hakukimbizwa. Alisimama kula.

Daktari alipiga simu mwenyewe. Namba mbili imebidi wampumzishe kwa sindano. Namba tano picha inaonyesha nyufa. "Kipande chenu kimepondeka kama biskuti," akasema. Bila hasira. Afadhali angenitukana.

Nilijifungia chooni. Nilikuwa namlilia nani? Nataka kusema kondoo.

Jumatatu, 13 Novemba

Kikao. Profesa, daktari, Baba Moto, mimi. Daftari la tanuri katikati ya meza.

Profesa akaweka kidole kwenye mstari. Akauliza aliyefungua ni nani. Baba Moto akanitupia jicho mara moja, si la kushtaki, hapana — la kunituliza. "Jina ni langu, Profesa."

Na mimi nikafyata ulimi. Mtu mzima, na shahada mbili!

Kisha Baba Moto akaomba vile tisa vya akiba. Akavigonga mbele yetu, kimoja kimoja, kichwa kikiwa kimeinama. Sita butu. Chumba kizima kilisikia. Alipomaliza cha tisa akakirudisha kwenye trei taratibu, asije akakivunja na hicho.

Profesa amemwondoa kwenye tanuri. Aende stoo, ahesabu chupa, mpaka atoe maelezo kwa maandishi. Akionekana mzembe ataondolewa kazini kabisa. Bado miezi saba astaafu.

Jumanne, 14 Novemba

Leo nitasema, nilijiambia asubuhi. Sikusema.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimempelekea chai stoo. Nilitaka kusema huko, peke yetu. Nikamkuta ameshusha madaftari yake yote ya zamani, amekaa juu ya kreti, anayapitia ukurasa kwa ukurasa. Anatafuta makosa mengine. Akanionyesha kundi moja la vipande vya miaka ya nyuma, lililotoka na nyufa. Walilaumu udongo wakati ule. "Labda ilikuwa mimi," akasema. "Labda siku zote ni mimi, watu wananistahi tu."

Halafu akauliza: uliposoma themanini na tano, namba zilikuwa zimetulia au zinachezacheza?

Zilitulia, baba. Sauti yangu ikatoka laini, haina hata mkwaruzo.

Basi ni kipima joto, akasema. Alitakiwa kukihakiki Septemba, akaumwa, akasogeza mbele. Kilikuwa kinasoma pungufu. "Na wewe mtoto wa watu ukakiamini. Ungejuaje?"

Haruhusiwi kuligusa tanuri, kwa hiyo hawezi kukijaribu. Mimi naruhusiwa. Nikaenda nikakijaribu, nimekilinganisha na kipya cha maabara ya jirani. Tofauti digrii mbili. Kizima kuliko mimi. Karatasi ya majibu nimeikunja mara nne, imo kwenye pochi.

Jumamosi, 18 Novemba

Dada kaniuliza mbona nachezea chakula. Nikamwambia kuna mtu kazini kaharibu kazi, mwingine anabeba lawama. Dada akasonya. Watu wengine hawana haya hata chembe, akasema, na huyo mtu ana mama kweli?

Anaye, nikasema. Tunaye. Hapana, sikusema tunaye. Nimeliandika tu sasa.

Jumatatu, 20 Novemba

Maelezo yanatakiwa kwa Profesa saa tisa. Saa saba na nusu Baba Moto kaja mezani kwangu, kofia mkononi, shati limepigwa pasi. Kompyuta na yeye hawaivi. Akaomba nimwandikie, eti mimi najua kupanga maneno.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kutoa ile karatasi kwenye pochi, ipo hapa, nusu mkono tu. Nikafungua ukurasa mpya, nikauliza tuanzeje, baba?

Amesema, nimeandika. Kwamba hakukihakiki kipima joto. Kwamba kondoo amekufa kwa uzembe wake. Kwamba yuko tayari kwa uamuzi wowote. Nikamwambia aseme basi kwamba aliyefungua ni mimi, kusudi nisogee hata hatua moja kwenye ukweli. Akakataa katakata. "Usijitaje popote. Mimi namaliza, wewe ndiyo kwanza unaanza. Uliandika ulichokiona." Nikamwambia baba, sikiliza — akaniambia andika, muda unakwenda.

Akaenda stoo kutafuta tarehe ya uhakiki wa mwisho. Ndiyo maana naandika hapa, badala ya kumkimbilia. Mwoga mkubwa mimi.

Amerudi. Tarehe kaipata. Anasema kuna sentensi amekumbuka njiani, iwekwe juu kabisa, kabla ya kondoo. Ananiomba radhi mimi. Kwamba anamwomba radhi binti aliyefanya naye kazi kwa uaminifu, kwa kumpa kifaa kibovu na kumtia aibu mbele ya wakubwa zake.

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu namalizia. Anadhani ni kazi. Amevuta kiti, amekaa pembeni yangu, miwani puani, anatazama skrini ya kompyuta. Saa tisa kasoro robo. Anasema, haya mwanangu, iandike, kisha unisomee yote kwa sauti.