Simu Juu ya Kigoda

Iringa mjini,
Jumanne jioni.

Mdogo wangu mpendwa Anord,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Juliana na watoto, na kwamba mchele wa Chimala unatoka, maana nasikia wanunuzi wamekuwa wagumu. Mimi sijambo, ukiondoa mafua, na mafua hapa Iringa mwezi huu si ugonjwa, ni uraia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi, tena kwa mkono wa kondakta wa basi, kama vile hatuna simu. Nimefanya makusudi. Ningekuandikia WhatsApp ungenijibu kabla sijamaliza, na vile vikatuni vyako vya kucheka mpaka machozi. Safari hii nataka unisome hadi mwisho ukiwa umenyamaza.

Filamu yako niliipata. Uliniomba niioneshe klabuni, kisha nikuambie ukweli, na ikifaa niipeleke kwenye lile tamasha la Dar es Salaam. Unajua klabu yetu hupeleka filamu moja tu kwa mwaka, na kauli ya mwisho ni yangu. Uliandika kwamba dada ndiye anayeyajua mambo haya, wewe ulibahatisha tu. Niliposoma hapo nilifurahi, halafu nikakasirika, kwa sababu nilijua unasema kweli toka moyoni.

Basi na mimi niseme kweli. Nina wivu, Anord. Si ule wa kutaniana. Ni ule unaomfanya mtu aache chai ipoe akiwa ameishika mkononi. Miaka yote hii nimekesha na filamu za watu wasioharakisha, nikasoma kila nilichopata, nikabeba sifa ya mwanamke mwenye mambo yake. Wewe ulikuwa kwenye vibanda vya video hapo Chimala, unashangilia filamu za ngumi zilizotafsiriwa na ma-DJ wanaoongea kuliko wacheza filamu wenyewe. Halafu unakwenda semina ya wiki moja Mbeya, ya kupiga filamu kwa simu, simu yenyewe ina ufa, na Mbeya nzima inakupigia makofi. Mimi ambaye najua kamera ikae wapi sijawahi kuikalisha popote. Nilikuwa nasubiri vifaa. Ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Unakumbuka nilivyokusimulia kuhusu waongozaji wangu wa filamu. Majina yao yanatufunga ulimi, kwa hiyo klabuni tumewapa ya kwetu. Yupo Bwana Ukungu, ambaye wenzangu wanamsujudia, hasa Mwalimu Sosthenes wa sekondari. Mimi simpendi, nasema hadharani. Kila akiishiwa la kusema anajaza ukungu, watu wanasema ni fikra nzito. Mimi nimezaliwa Mufindi, ukungu naujua, ukiondoka unakuta ni kuku na kamba ya nguo tu. Wangu mimi ni yule bibi tunayemwita Mama Mlango. Huyo, mtu akitoka chumbani, kamera yake inabaki inautazama mlango, inautazama, mpaka wewe uliyekaa unaanza kumkosa aliyetoka. Hapo ndipo anapokata. Nimewahi kulia kwa ajili ya mlango wa nchi nisiyoijua, na siku zote nilisema hakuna mtu wa kwetu atakayeweza jambo kama lile.

Klabu bado tunakutana ghorofani kwa Kunal, juu ya duka lake la vitambaa. Yeye anatoa projekta na shuka jeupe, mimi natoa sheria. Sheria kubwa unaijua: taa zikishazimwa hakuna kusalimiana. Kwa watu wa huku ni sheria ngumu. Anayechelewa anaingia kimya kama mwizi, na mwanzoni wapo waliosusa wakisema Sabina amewafundisha watu utovu wa adabu. Lakini wamezoea. Tunakutana Jumapili mchana, simu zote zimezimwa, na yangu ya kwanza. Ndiyo maana siku hizi ukinipigia video kutoka kwa mama hunipati.

Jumapili iliyopita nikaweka yako. Nikuambie nilivyokuwa nimejiandaa? Maneno nilikuwa nimeshayapanga kichwani. Ningesema ni jitihada nzuri ya kijana wa nyumbani, ila sinema ni kitu kingine. Ningeyasema kwa upole, ule upole wa kumzika mtu. Kisha ningekupa pole kwa simu, na tamasha lingepata filamu nyingine.

Ikaanza. Uwanja wa mama pale Igowole, mlango wa jiko, moshi unapenya kwenye nyasi za paa. Hakuna muziki, hakuna maneno. Nikaona ulivyoiacha kamera itulie, na roho ikaniuma papo hapo, kwa sababu mahali ulipoiweka ndipo hasa ningeiweka mimi. Kisha mama akatoka na kitenge chake cha kijani, anafuta mikono. Akaiona simu. Akaja mpaka karibu kabisa, uso wake ukajaa shuka lote la Kunal, na akatusalimu kikwetu, “Kamwene.”

Ghorofa zima lilinyamaza, kama nilivyowafundisha. Mama akasubiri. Akainama, akasema tena, “Kamwene.” Akasubiri. Akachukua ncha ya kitenge akatufuta, picha ikawa kijani kitupu, kisha akarudi kututazama. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Halafu mama akageuka, akaingia jikoni polepole, na kamera ikabaki inautazama mlango.

Taa zilipowashwa, Mwalimu Sosthenes alisimama. Alisema hajawahi kuona kimya cha namna hiyo, kwamba mama yule anaisalimu dunia na dunia haiitiki, na kile kitambaa ni machozi ya taifa zima. Kunal, ambaye Kihehe chake cha dukani unakijua, alisema kwao pia mzee asipoitikiwa nyumba inakosa usingizi. Wakaniuliza mimi ninaonaje. Nikasema nitasema baadaye, nikashuka kwenda kununua maji ambayo sikuyanywa.

Sasa nikuambie ambacho hata wewe hukukijua. Uliniandikia kwamba ulitaka moshi tu, ukaiacha simu inarekodi, ukaenda kuchukua kuni, na uliporudi ukakuta mama ameingia mwenyewe kwenye picha. Ukaiita Kimya cha Mama. Anord, uliiegemeza simu wapi? Kwenye birika, juu ya kigoda, Jumapili baada ya ibada. Palepale unapoiweka kila mara ukimpigia dada yako. Na unajua mtandao wangu huchelewa, kwa hiyo yeye ndiye huanza kusalimia, halafu anangoja nimfikie.

Mama hakuwa anaisalimu dunia. Alikuwa ananisalimu mimi. Kile wanachokisifu ni mzazi anayengoja mtandao, na kitenge kile ni kwa sababu alifikiri sionekani kwa uchafu wa kioo. Akaondoka akijua kwamba nimemwona na sikumwitikia.

Na mimi kweli sikumwitikia. Nilikuwa mbele kabisa, Anord, uso wake ukubwa wa ukuta, midomo yangu imeshafunguka, nikaifunga kwa sababu ya sheria yangu. Nimeitikia juzi jikoni kwangu, peke yangu, kwa sauti, nikasikia jirani anaitika upande wa pili wa ukuta.

Filamu yako nimeipeleka Dar. Usinishukuru, sikuipeleka kwa moyo mweupe. Ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kukifikiria, na haikukugharimu hata wazo moja, na hilo sijalisamehe. Nakuonea wivu kwa ajili ya simu yako yenye ufa. Nakuonea wivu zaidi kwamba wewe uliye mbali ndiye unayefika kwa mama, na mimi niliye karibu ninamwangalia ukutani.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao bado anawadai busu. Mpe pia salamu mzee Eliezeri wa mashine ya kukoboa, mwambie mguu wake tunauombea.

Jumapili ijayo klabu itafungua bila mimi, nimeshamwachia Kunal funguo na sheria azifanye anavyotaka. Nakwenda Igowole. Ukiwa umepanga kwenda siku hiyo, tafadhali ahirisha, na kama huwezi, simu yako ibaki mfukoni. Kile kigoda nitakikalia mimi.

Dada yako,
Sabina