Mama Mkwe Ndani ya Datsun ya Mashindano

Noeli, nimekwisha. Nimempakia mama mkwe kwenye Datsun ya mashindano!

Nilikuwa uvunguni hapa nyumbani, nafunga ile ekzosi mpya. Flaviana kanipigia: "Mama kafika stendi, kamchukue sasa hivi." Gari jingine sina! Na hili unalijua, viti vya nyuma nilishang'oa, ndani ni vyuma vitupu.

Pale stendi mama kaliangalia, kaguna, kapanda na kikapu chake cha zabibu za Makutupora.

Sasa mkanda. Ule wa mashindano lazima mtu akuinamie, akukaze kifuani na kiunoni. Mimi nimkaze mama mkwe KIUNONI?? Nikamwomba dada muuza karanga. Kamkaza kama gunia la alizeti!

Ekzosi inanguruma, mji mzima unatugeukia, mama kakodolea barabara. Hageuki hata kidogo, Noeli! Flaviana alishaapa nikimwaibisha kwa mama yake hili gari linauzwa, kwa hiyo nikaendesha kama nimebeba mayai. Noah ikatupita. Bajaji ikatupita.

Tumefika nyumbani Ipagala, Flaviana kamfungua mama yake huku kanikazia macho mimi. "Mama, pole jamani. Hili gari namwambia aliuze, hasikii."

Mama kajipangusa vumbi taratibu.

"Aliuze kwa nini? Gari halina neno."

Kisha kanigeukia. Noeli, kanigeukia mimi!

"Ila mkwe wangu, bajaji? Tumepitwa na BAJAJI?"