Toboa Mpaka Utoke Unga Mwekundu

Baba Vumilia,

Nimepanda gari la Muyinga. Dada amejifungua, nampelekea uji Gashoho. Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Mbuzi bado hajala.

Sasa lile pazia. Asubuhi mama yako alilivuta taratibu tu, bomba lake la kutundikia likamwangukia begani, nawe ukasema mbele yake eti mimi ndiye niliyelilegeza kwa kufua pazia kila mara. Niliumia. ~~Litundike, kisha ulale nalo.~~ Basi, yameisha.

Ulipigilia misumari mifupi kwa jiwe, kama kule kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako ukuta wa udongo ulishika chochote. Hapa Gitega ukuta huu mweupe ni ubao wa jipsamu tu, haushiki msumari. Nimechungulia tundu: nyuma pana uwazi, halafu tofali. Azima drili kwa jirani Magloire. Unga mweupe ukitoka, endelea. Ukitoka mwekundu, tia plastiki tunduni, kisha kaza skurubu ndefu ndani yake.

Hayo ndiyo matofali yetu, tope lake tulilikanyaga mimi na wewe tuliporudi. Hayajaangusha kitu hata siku moja.

Na mimi vilevile. Mwambie mama.

Mkeo,
Mama Vumilia