Mlima Uliopanda Ukutani

Kwako Mama Paulo,

Pokea salamu za mume wako, yule mwenye meno machache na maneno mengi. Hujambo? Mguu wako wa kushoto vipi, bado unakusumbua ukitoka kisimani? Na maksai wangu wawili, wanakula? Mimi mzima, ila joto la Dar linanichemsha kama kande. Paulo hajambo. Mke wake Mwanaidi anasema shikamoo mama, shikamoo sana.

Barua hii soma mwenyewe. Usimpe jirani Tluway akusomee. Atasoma mistari miwili tu, na kabla ya jioni kilabu chote kimeshajua. Wewe si ndiye uliyenishinda kwenye darasa la ngumbaru, nami nikasingizia macho? Haya, sasa faidi ushindi wako.

Najua unachongoja. Siku naondoka uliniambia pale mlangoni, "Baba Paulo, mara hii moja usinitilie chumvi. Kama panafaa tuhamie kwa mtoto, andika niuze maksai kwenye mnada. Kama hapafai, andika hivyo hivyo." Sijasahau. Nitafika huko. Lakini unanijua, lazima kwanza nipite Arusha.

Arusha hakuna mtu wa kijiji chetu cha Dirma anayeijua kama mimi. Ujanani niliingia juu ya lori la maharage, nikaruka chini, nikautafuta mlima Meru kwa macho. Nikasema, haya, wewe ndiye mlima Hanang wa huku. Kuanzia siku hiyo sikupotea hata mara moja, wenyeji ndio walikuwa wananiuliza njia mimi. Safari hii maghorofa yameota mpaka mlima unachungulia kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Lakini niliuona. Mama wa tiketi akaniuliza natoka mkoa gani. Nikamjibu kwa mazoea, "Arusha." Akacheka, "Arusha ndiyo hapa, baba." Ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi sisi ni mkoa wa Manyara, na makao makuu yetu ni Babati. Yaani nimekuwa mgeni Arusha na wala sijahama.

Dar nayo unakumbuka nilikuja ile miaka ya foleni, kutafuta sabuni na kanga zako. Nilikuambia nililala ghorofani. Mama Paulo, nililala ghalani, juu ya magunia. Leo nasema. Wakati ule maduka yalikuwa matupu na watu wamejaa nje. Sasa maduka yamejaa mpaka barabarani, na watu wanapita mbio. Sikudhani nitaikumbuka foleni. Lakini kwenye foleni nilimjua wa mbele yangu na wa nyuma yangu. Ukienda kujisaidia unawekewa nafasi. Siku hizi nani ananiwekea nafasi?

Sasa sikia yaliyonipata.

Nyumba ya Paulo ni nzuri, sidanganyi. Bomba liko ndani. Lakini mtaa mzima una geti jeusi, ukuta mweupe, geti jeusi, ukuta mweupe. Na Dar haina mlima! Unatoka nje, unageuza shingo huku na huku, hakuna kitu kinachokuambia uko wapi. Nikaona nitumie akili ya Dirma. Jirani na Paulo wanajenga ghorofa, kama kila kona ya huku, na mbele yake walikuwa wamemwaga mchanga. Rundo kubwa! Ng'ombe akisimama nyuma yake humwoni, pembe wala nundu. Nikasema, haya, huyu ndiye Hanang wangu. Nikaenda kutembea, kifua mbele, sikumwuliza mtu.

Nilizunguka mpaka jua likapinda. Narudi, mlima hakuna. Nikapita njia ile mara tatu. Nikamwuliza mtu nyumba ya Paulo. "Paulo yupi?" Nikamtajia ukoo wake, kama tunavyomwelekeza mgeni huko kwetu. Akaniangalia kama nimemtajia ugonjwa. Ikabidi nisimame kwa mama mmoja anayekaanga mihogo.

"Babu, unatafuta nini?"

"Mlima."

"Mlima gani tena?"

"Asubuhi ulikuwa hapa hapa."

Mafundi juu ya ghorofa wakasikia. Mmoja akapiga kelele, "Babu, mlima wako tumeshaupandisha! Huu hapa ukutani!" Wakacheka mpaka karai likawadondoka.

Nami nikacheka, maana utani nauheshimu hata ukinipiga mimi. Lakini sikuthubutu tena kwenda mbali, Mama Paulo. Nilikaa kwenye ndoo ya yule mama, nikala mihogo yake, mpaka Mwanaidi akatokea anarudi kutoka kazini.

"Baba! Shikamoo. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nasimamia ujenzi."

Hakucheka. Alinishika mkono mbele za watu, tukatembea. Geti la Paulo lilikuwa la pili tu kutoka pale. Mchana wote nimelipita.

Wakati tunakula Paulo akasema, "Baba, ndiyo maana nataka mkae kwangu. Kule mkiugua nani atawabeba?" Neno lake ni la kweli. Lakini mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Nilipokutoa kijijini kwenu Daudi, nikakudanganya kwamba mahindi ya Dirma yanagusa paa, mwaka mzima ulikuwa ukitoka nje asubuhi unauliza, kwetu ni upande gani? Nilikucheka. Nilikuiga mbele za kina Tluway, nikazungusha shingo kama wewe, wakafa kwa kicheko. Siku ile kwenye ndoo ya mihogo, mwenye shingo hiyo nilikuwa mimi. Sitakuhamisha mara ya pili kwa maneno yangu. Nimemwambia Paulo hivyo. Akasema, "Basi msimu wa kulima nitakuja mimi." Tutaona, ni mtoto wangu huyo, naye ana chumvi.

Kwa hiyo maksai usiwauze. Hapa sijaongeza kitu. Rundo la mchanga ndilo labda nimelirefusha kidogo.

Nisalimie shemeji yangu wa Daudi, yule bingwa wa kukuna tumbo. Msalimie katekista, mwambie huku nasali, na joto linanisaidia kuuelewa moto. Tluway akikuuliza mbona narudi mapema, mwambie nilikuja kusimamia ujenzi, na ghorofa limekwisha.

Basi likivuka Babati nitaangalia dirishani mpaka nimwone Hanang mwenyewe, yule ambaye hakuna fundi wa kumpandisha ukutani. Kutoka pale sihitaji kushikwa mkono. Lakini wewe ukitaka kunishika, sikatai.

Ni mimi wako,
Baba Paulo, mjuzi wa miji yote isipokuwa huu