Wivu Wangu kwa Feza

Mujukuu wangu Mwika, jambo. Huku Lubumbashi tuko. Leo baba yako alikula bukari, ule ugali wetu, kidogo.

Unauliza kwa nini mafigo yake inagonjwa, na pombe hakunywa. Wakati nilikuwa na mimba yake nilikuwa nafua nguo za babu yako, zimejaa vumbi ya mine, kule alikuwa anachimba. Jirani yangu Feza, naye mwenye mimba, alienda Mitwaba kwa mama yake, mbali na ile vumbi, mpaka akazaa. Nilimuonea wivu mpaka nikaacha kumusalimia.

Munganga anasema, "Vumbi ya metali inaweza kupita kwa mama na kuharibu mafigo ya mutoto, hata akiisha kuwa mukubwa."

Mutoto wa Feza iko muzima. Ule wivu ungali unaniuma.

Wewe sasa uko na mimba, na bwana yako anachimba. Nguo zake afue mwenyewe. Ukizaa mutoto muzima nitakuonea wewe pia wivu, na huo wivu nautaka.

Nkambo yako