Madawati Yaliyoupa Mlango Mgongo

Bwaise, Kampala

Mpenzi Mama Zuhura,

Nakusalimu wewe na watoto. Kikohozi cha mdogo kimepungua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka. Barua hii nimempa mkononi yule mfanyabiashara wa Voi, maana posta ya huku inafunguliwa na wasiohusika.

Nilikugusia tu kwamba nimegombana na mwalimu mkuu, ukaniandikia nimwombe radhi nisije nikapoteza kazi. Siombi. Ungejua sababu usingethubutu kuniambia hivyo.

Darasa langu lina mlango mmoja, unatazama Barabara ya Bombo. Magari ya jeshi, yale yanayobeba watu wasirudi, yakipita, watoto wote wanageuza shingo kutazama nje. Nikahamishia ubao ukuta wa ndani, nikageuza madawati yaupe mlango mgongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Mwalimu mkuu akanisifu. Lakini watoto wakawa wanageuka kila dakika, nami nikawachapa. Msichana mmoja akaniambia, "Mwalimu, wewe unaona. Sisi hatuoni." Nikamwongeza viboko viwili. Najichukia kwa hilo.

Baada ya wiki mbili wakatulia, macho mbele. Nikajiona fundi, mjinga mimi.

Asubuhi moja mwanajeshi akasimama mlangoni. Nilishtuka tu, sikutamka neno. Darasa zima likaingia chini ya madawati, kimya, hata wa kulia hakuna. Kumbe siku zote zile hawakuwa wakitazama ubao, walikuwa wakitazama uso wangu.

"Mwalimu, mtoto yangu iko wapi? Alisahau kitabu," akasema yule askari.

Binti yake naye alikuwa chini ya dawati.

Mchana uleule nikahamishia ubao ukuta wa pembeni, nikayapanga madawati ubavu kwa mlango, kila mtoto aone ubao na aone anayeingia. Wametulia kweli, na fimbo nimeiweka kabatini. Mwalimu mkuu akaja juu, ndipo tukagombana. Jana amerudi: mkaguzi anakuja, niyageuze tena ndani ya siku mbili, la sivyo ataripoti kwamba mgeni anachochea watoto. Ripoti kama hizo zinakopelekwa unakujua, kwa haohao askari wa magari. Nikamwuliza mbona kiti chake mwenyewe ofisini kinatazama mlango. Akanifukuza mle ofisini. Mwoga yule, anataka watoto ndio wawe jasiri.

Msalimie mama, dawa yake ya miguu naitafuta. Msalimie na kaka yako fundi cherehani, aliyenisifia Kampala, umwambie nina hasira naye.

Kesho ndiyo mwisho wa siku alizonipa. Nitaingia darasani madawati yakiwa hivyohivyo. Nikirudi bila kazi, nigombeze chumbani, si mbele ya watoto. Nisipofika kabisa, usimtume mtu kuniulizia shuleni.

Mumeo,
Baba Zuhura